Kupigwa kwa Laurian Ndassa

Mwenyekiti Felisiani aliposimama kando ya kaburi la baba yangu, mwezi Machi wa mwaka wa vita, alisema jambo moja tu la kukumbukwa, na jambo hilo halikuwa kweli. Mengine yote yalikuwa salama kwa sababu hayakuwa na uzito wowote: kwamba marehemu alikuwa mwananchi, kwamba alifanya kazi, kwamba kijiji kimepungukiwa nguvukazi wakati taifa linaihitaji. Kisha akashusha sauti, kama daktari anayekaribia kidonda, akasema kwamba sifa kuu ya Laurian Ndassa ilikuwa uvumilivu.

"Ndugu wananchi, mzee huyu amepigwa na mkewe miaka yote aliyoishi nasi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsikia akilalamika."

Ndugu wananchi waliinamisha vichwa. Kulikuwa na huruma nyingi sana pale makaburini, huruma ya watu ambao wamepata kisa cha kusimulia wakirudi nyumbani. Mama yangu, Petronila, alikuwa amesimama upande wa kichwani akiwa amejifunga kaniki. Mkono wake wa kushoto, ambao kijiji kizima kiliutazama kwa tahadhari, ulikuwa umeshika bega la mdogo wangu wa mwisho. Katekista akaanzisha wimbo, nao wakauimba kwa nguvu.

Ubaya wa sentensi ile ni kwamba ilikuwa Kiswahili sahihi, na kwamba mwenyekiti hakuitunga yeye. Aliitunga baba yangu. Aliisema kwa kinywa chake mwenyewe, kwa maneno karibu yayo hayo, Jumapili baada ya Jumapili, na kila mara aliisema akiwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliokuwa wakimsikiliza.

Baba alikuwa mtoto wa Wasukuma waliohamia Biharamulo na ng'ombe wao wakitokea upande wa Geita. Tenisi iliingia maishani mwake kwa njia ya koleo. Zamani za Waingereza aliajiriwa katika kikosi cha ujenzi kilichotengeneza uwanja karibu na boma: kuchimba udongo wa kichuguu, kuuponda, kuulowesha, na kuushindilia kwa gogo zito mpaka ukawa mgumu kama sakafu ya kanisa. Mabwana waliopenda mchezo huo walikuwa watatu, na mchezo wa wawili kwa wawili hauchezwi na watu watatu. Wakamtazama kijana aliyeshika koleo, wakampa raketi, na bila shaka waliona kwamba wametenda jambo la ukarimu mkubwa. Haukupita muda mrefu wakagundua kwamba hakuna kati yao anayeweza kumshinda. Tangu hapo walianza kuzungumza sana juu ya joto la nchi hii na jinsi linavyoudhoofisha mwili wa Mzungu.

Walipoondoka walimwachia raketi mbili na mipira iliyokwisha manyoya. Maofisa wapya waliokuja baada yao waliutangaza mchezo ule kuwa wa kikoloni na wakauacha uwanja ukaota majani. Nyumba za wakoloni, zenye baraza pana na miti ya kivuli, hawakuziona kuwa za kikoloni. Walihamia humo wiki hiyohiyo.

Baba alihamishiwa Ngara kwenye kazi za barabara, na huko, katika harusi moja ya Mugoma, akaonana na mama. Yeye alizungumza Kisukuma, mama Kihangaza, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake zaidi ya salamu. Kwa hiyo walichumbiana kwa Kiswahili, lugha ambayo watu wa kwetu waliitumia kujibu maswali ya karani na kuombea kazi. Wao waliitumia kupendana, na baadaye kulelea watoto, na hatimaye kuchezea tenisi. Nadhani ni katika hili la mwisho ndipo majirani waliposhindwa kuwaelewa.

Kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kucheza naye, baba alisafisha kiwanja kando ya nyumba, akamfundisha mkewe. Jambo hili peke yake lilitosha kuzua maneno: mwanamke mzima, mama wa watoto, anakimbia huku na huku akipunga mkono, na mumewe yuko upande wa pili akimwambia arudie. Lakini mama alikuwa mashoto. Utotoni walimfunga mkono ule kwa kitambaa ili ajifunze kula kwa mkono wa kulia, wakamchapa alipousahau. Baba alipomwona anahamisha raketi kwenda mkono wa kulia kwa aibu, alimwambia airudishe ilikokuwa. Mpira uliotoka katika mkono ule ulikwenda kinyume na mipira yote aliyoizoea. Ulipogusa ardhi ulikata kona, ukamwacha amesimama. Alimfundisha kwa miaka, akimshinda kwa subira. Kisha ikaja Jumapili moja ambayo mama alishinda.

Baba hakubadilisha hata nguo. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye duka la Makame Saidi, vumbi jekundu likiwa limemfika magotini, akasimama mbele ya wateja wote.

"Bwana Makame, leo nimepigwa na mke wangu. Nimepigwa vibaya sana."

Makame alikuwa mtu ambaye babu zake walitoka pwani na bidhaa, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mama yake. Alielewa papo hapo, akacheka mpaka akaegemea mizani. "Hongera, bwana," akamwambia. "Amekupiga seti ngapi?" Wakaendelea hivyo, wakifurahi kama watu wawili wanaozungumza juu ya ng'ombe aliyezaa mapacha.

Wateja wengine, waliokuja kununua chumvi na mafuta ya taa, hawakucheka. Wao walikuwa Wahangaza na Wasubi, na walikichukua Kiswahili kile kama walivyoichukua ile chumvi, wakaenda nacho nyumbani kukitumia kwa namna yao. Kihangaza kina neno lake la kushindwa mchezo na neno lake la kuchapwa, na maneno hayo mawili hayakopeshani maana hata kidogo. Habari ilipopanda mlima wa Nyamiaga na kuteremka upande wa pili, kilichobaki ni fimbo tu. Mtengeneza barabara Msukuma anachapwa na mkewe, na anajitangaza mwenyewe sokoni, maskini, kwa kuwa hana ndugu wa kumshitakia.

Mtu angeweza kutarajia kwamba Makame, aliyejua ukweli, angeusema. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba kichekesho kile kilikuwa kitamu mno, na kwamba hakuwahi kufikiri kuna mtu anayeweza kukiamini. Hiyo ndiyo hasara ya kuzaliwa ndani ya lugha: mtu anadhani wengine wote nao wamo.

Baada ya hapo, kila alichokifanya baba kiligeuka kuwa ushahidi. Alichota maji: basi ni kweli anapigwa. Aliwaogesha watoto na kuwachana nywele: anaogopa. Mama alipojifungua mdogo wangu wa tatu, baba aliomba ruhusa kazini, akapika uji kwa siku zote za uzazi, akafua nepi na kuzianika hadharani mahali penye jua zuri bila kujali nani anapita. Majirani walipita, na wengine walipita mara mbili. Kama baba angekuwa mlevi na kumvunja mkewe jino, wangesema ana hasira za ng'ombe, kisha wangemwalika pombeni. Kwa kuwa aliipenda nyumba yake, ilibidi patafutwe maelezo, na maelezo yalikuwapo tayari.

Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini, tulihamia upande wa Kasulo, kwenye kijiji kilichochorwa kwa kamba na vigingi. Felisiani alikuwa mwenyekiti wa kijiji hicho. Siwezi kusema kwamba alikuwa mtu mbaya. Ubaya unahitaji bidii. Alikuwa mtu aliyevaa suti ya Kaunda wakati wa jua kali, na aliyejua kurudia hotuba za redio kwa sauti ileile ya redio. Yalipojadiliwa majina ya mabalozi wa nyumba kumi, mtu mmoja alimtaja baba, kwa sababu alijua kusoma na hakunywa. Mwenyekiti aliuliza mkutano, kwa tabasamu, iwapo ni vyema nyumba kumi ziongozwe na mtu ambaye hajaweza kuiongoza moja. Mkutano ulicheka sana. Baba naye alicheka, nadhani kwa adabu.

Nyuma ya nyumba yetu mpya alitengeneza uwanja. Alibeba udongo wa vichuguu kwa mkokoteni, akauponda na kuushindilia kama alivyofanya akiwa kijana, na Makame akamtafutia kipande cha wavu wa kuvulia samaki kutoka ziwani. Ulipokauka, halmashauri ya kijiji ilikuja kuukagua na kugundua kwamba ni mahali pazuri pa kuanikia mihogo. Baba hakubisha. Mihogo ilianikwa siku zote za kazi, na Jumapili mchana mama aliifagia kando, wakacheza katika unga mweupe uliobaki, wakitoka humo kama watu waliopakwa chokaa.

Katika mwaka wa kwanza wa kijiji hicho baba na mama waliitwa mbele ya baraza la usuluhishi. Hakuna aliyekuwa amelalamika. Mwenyekiti aliona tu kwamba jambo hilo linakichafua kijiji, na kwamba wageni wa wilaya wanaweza kulisikia. Nilikuwa likizo kutoka shuleni, nikasimama dirishani na kusikia yote.

"Mzee Laurian, useme kweli. Mkeo anakupiga?"

"Kila Jumapili," baba akajibu.

"Anakupiga kwa kitu gani?"

"Kwa raketi. Mara nyingine hata ile yangu, ya kwake ikikatika nyuzi."

Wazee wa baraza walitazamana. Mmoja wao akauliza, kwa upole, kama yeye hamrudishii.

"Ninarudisha, mzee wangu. Lakini yangu mingi inatoka nje."

"Na kosa lake hasa ni nini? Ana hasira?"

"Hana kosa. Ni mzuri kuliko mimi tu."

Nimetumia muda mwingi wa maisha yangu kujiuliza kama baba alikuwa akiwadhihaki. Mama anasema hapana. Anasema aliulizwa maswali na akayajibu, na kwamba mtu mkweli hawezi kulaumiwa kwa ujinga wa anayemuuliza. Mama alipopewa nafasi ya kusema, alieleza kwamba ule ni mchezo, kwamba kupigwa kule ni kushindwa, kwamba hata timu za mpira wa miguu hupigwa na hakuna anayeita polisi. Mwenyekiti alimsikiliza kama mtu anavyomsikiliza mshitakiwa aliyejiandaa vizuri. Hukumu ilikuwa kwamba mama aache tabia hiyo, na alime peke yake sehemu ya shamba la kijiji iliyo karibu na korongo. Asubuhi iliyofuata alikwenda kulima, na baba akachukua jembe akamfuata. Watu walisimama barabarani wakimtazama. Hata adhabu ya kumpiga anamsaidia kuitumikia, walisema, na wakaona kwamba kisa kimekamilika.

Mtu mmoja tu aliumizwa kweli na neno lile, na huyo hakuwa miongoni mwetu. Baba alikuwa na kaka, Malongo, aliyebaki Biharamulo na ng'ombe wa familia. Katika ziara yake ya mwisho huko, baba alimweleza kaka yake habari za maisha: watoto wanasoma, barabara zinaharibika, mke wake anampiga kila wiki, na safari hii amempiga hadi akaanguka chali. Aliyasema hayo akicheka. Malongo hakucheka. Alimsindikiza mdogo wake hadi njia panda, na tangu siku ile hakuja tena kwetu, wala hakutuma salamu. Baba alidhani kaka yake amekasirishwa na jambo la ng'ombe. Aliumia kwa hilo, na alikufa bila kujua sababu.

Vita vilipoanza, mwenyekiti alipata wakati wake. Mgambo walikimbia asubuhi na fimbo badala ya bunduki, na taa zilizimwa mapema, ingawa nyingi kati yake zilikuwa tayari hazina mafuta. Ikatoka amri ya kuchimba mahandaki. Kijiji kilikuwa na ardhi kila upande, lakini Felisiani alitembea huku na huku na mikono yake nyuma, kisha akaamua kwamba handaki la kijiji lichimbwe katikati ya uwanja wa tenisi, kwa sababu hapo, alisema, pameshindiliwa vizuri na hapataporomoka. Ndilo jambo pekee la sifa alilowahi kulisema juu ya kazi ya baba yangu.

Baba alichimba pamoja na wengine, na kwa kuwa alijua udongo wake, alichimba vizuri kuliko wote. Hakuna ndege ya adui iliyokuja kuitafuta mihogo yetu. Walioingia handakini walikuwa mbuzi na maji ya mvua. Lakini handaki lilikuwa limekatiza uwanja pale pale ulipokuwa wavu, na Jumapili iliyofuata baba aliusimika wavu juu yake. Wakacheza hivyo, mama upande huu na baba upande ule, na shimo la vita katikati yao. Mpira ulioanguka humo ulihesabiwa kuwa umepotezwa na aliyeupiga, na alipaswa kushuka mwenyewe kuutafuta. Mvua kubwa zilipoanza, baba alishuka mara nyingi mno kwenye maji yale baridi. Homa ikamshika kifuani. Hospitalini dawa zilikuwa zimepelekwa mbele, kwa askari, na kwa hilo siwezi kumlaumu mtu. Alikufa akiwa ameushika mkono wa kushoto wa mama, mkono uleule.

Malongo alifika siku ya mazishi. Magari yote yalikuwa yamechukuliwa kwa ajili ya vita, naye alikuja kwa miguu na kwa baiskeli za watu, mzee mrefu mwenye fimbo, akiwa amekonda kwa safari. Tulipomwamkia shikamoo baba mkubwa, aliitikia bila kututazama machoni. Alimsikia mwenyekiti akisema alichosema kaburini.

Siku ya kuanua matanga alikaa kwenye kigoda uani kwetu, wazee wa kijiji wakiwa wamemzunguka na mwenyekiti akiwa kulia kwake, na akatoa uamuzi wa ukoo. Alizungumza taratibu, kwa Kiswahili cha mtu asiyekitumia mara kwa mara, kila neno likiwekwa mahali pake kama jiwe. Ukoo hauwezi kumwacha mwanamke aliyempiga ndugu yao akae katika nyumba ya ndugu yao. Petronila atarudi kwa baba yake Mugoma. Watoto wadogo watakwenda Biharamulo, nao watalelewa kama watoto wake mwenyewe. Nyumba itakuwa juu ya kijiji kuamua.

Mwenyekiti alisema kwamba kijiji kiko tayari kuipokea. Kulikuwa na uhaba wa ghala.

Wadogo zangu walikuwa wamekaa mkekani nyuma ya mama. Yule wa mwisho alimuuliza kama Biharamulo ni mbali. Mama alimwambia anyamaze kidogo. Kisha akaomba ruhusa ya kusema, nayo ikatolewa kwa haraka, kwa maana watu walikuwa wamengoja kilio na magoti.

"Shemeji," mama akasema, "nilimpiga mdogo wako. Sikatai. Nilimpiga mara nyingi, na nikipewa tena nitampiga tena." "Ila wewe umekuja kuhukumu kitu ambacho hujakiona. Inuka, nikuonyeshe nilivyokuwa nikimpiga. Ukishakiona, sema unachotaka, nami nitafunga mizigo."

Akaingia ndani, akatoka na raketi mbili. Watu waliokaa karibu na mlango walisogea. Mwenyekiti alisema kwamba labda jambo hili linahitaji mgambo, lakini alilisema kwa sauti ndogo na bila kuinuka. Makame, aliyekuwa amekuja kutoka mjini kwa ajili ya matanga, ndiye peke yake aliyetabasamu. Akamwambia Malongo: "Nenda, mzee wangu. Hutakufa. Mwenzio alirudi kila Jumapili."

Mzee aliyetembea kutoka Biharamulo hadi Kasulo hawezi kukataa mwito wa mwanamke mbele ya watu. Malongo aliweka fimbo yake chini. Mama alimkabidhi raketi ya baba, akampeleka upande wa baba wa uwanja, naye akazunguka handaki kwenda upande wake, peku, kaniki ikiwa imefungwa vizuri kiunoni. Umati wote ulifuata na kusimama mbali kidogo, ukiwa umewashika watoto mikono.

Mama aliurusha mpira juu, akaupiga.

Malongo alikuwa ameshika raketi kwa mikono miwili kama shoka. Mpira uligusa ardhi mbele yake, ukakata kona, ukapita. Aligeuka kuutazama ulikokwenda, kisha akamtazama mama, ambaye hakuwa amemsogelea hata hatua moja. Alikuwa akingoja kipigo, na kipigo kilikuwa kimepita.

"Huo umekupita, shemeji," mama akasema. "Mwingine."

Wa pili ukapita. Wa tatu aliukimbilia na kuukosa, akaanguka kwa goti moja. Watu waliguna. Lakini Malongo alikuwa mchungaji, na maisha yake yote alikuwa ametazama vitu vinavyokimbia ili ajue vitageukia wapi. Katika mpira uliofuata hakuutazama mkono wa mama, aliitazama ardhi. Aliupata. Ulilia kwenye nyuzi, ukapaa vibaya, ukagonga wavu na kutumbukia handakini.

Mama akamweleza sheria. Aliyeupoteza hushuka mwenyewe. Malongo alishuka. Alisimama mle ndani na matope yakimfika kwenye vifundo, kichwa chake tu kikionekana, mpira ukiwa kiganjani mwake, na hakupanda. Akamuuliza Makame, aliyekuwa karibu na ukingo: "Huyu Laurian, alikuwa akiupata ule unaokata kona?"

"Mara mojamoja."

"Na akiukosa, alikuwa akisemaje?"

"Alisema amepigwa," Makame akajibu. Safari hii hakucheka. "Alikuja dukani kuniambia. Alifurahi kupita kiasi, mzee wangu. Alikuwa akijivunia."

Malongo aliutazama mpira. "Alikuja kwangu akaniambia hivyohivyo," akasema. "Anacheka. Nikadhani amerukwa na akili. Nikaona aibu, nikaacha kuja." Alifuta uso kwa mkono uliokuwa na matope, na uso ukachafuka zaidi. Kisha akampa mama mpira kupitia chini ya wavu, akapanda upande wake, akaishika raketi kwa mkono mmoja, kama alivyomwona mama akiishika. "Leta tena," akasema.

Walicheza mpaka pumzi ikamwishia. Sijui walicheza kiasi gani. Hakuna aliyehesabu, kwa kuwa hapakuwa na haja. Mwishowe aliegemea magoti yake, akainua kichwa, akawageukia wazee waliokuja kusikia hukumu, na kuwaambia kwa sauti ya kutosha:

"Nimepigwa. Nimepigwa vibaya. Watoto watakaa hapa na mama yao."

Mimi na wadogo zangu tulielewa. Makame alielewa. Ndugu wananchi walielewa walivyoweza. Kabla jua halijatua, habari ilikuwa imefika barabara kuu, na kesho yake ilikuwa Nyamiaga: mjane wa Kasulo amempiga hata shemeji yake, tena matangani, mbele ya halmashauri nzima. Amemwangusha, amemtupa handakini, na mzee mwenyewe amekiri kwa kinywa chake. Ghala la kijiji lilijengwa mahali pengine.

Nilikuwa tayari kwenda nyumba kwa nyumba kuwaelimisha. Nilikuwa nimesoma, nilidhani kwamba neno lililopotoka linaweza kunyooshwa kama msumari. Mama alinikataza. Alisema kwamba baba mkubwa amejua, na kwamba huyo ndiye aliyetakiwa kujua. Waliobaki niwaache na woga wao, utawatunza wadogo zangu vizuri kuliko huruma yao.

Malongo alikaa nasi hadi mwisho wa mwezi, na alipoondoka aliomba raketi ya baba. Mwaka huo alirudi mara mbili, akiwa ameitundika mgongoni pamoja na fimbo. Vita vilipokwisha, mwenyekiti Felisiani alikuja kuuliza kuhusu handaki, kama lifukiwe, na kuhusu mihogo, kama kijiji kinaweza kuendelea kuianika pale. Hakuingia uani. Alisimama ng'ambo ya shimo, wavu ukiwa kati yake na mama, kofia mkononi. Alikuwa amemzidi mama umri kwa miaka mingi, na watoto wake wakubwa walimwita mama yangu dada.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama aliitazama suti yake ya Kaunda kutoka juu hadi chini, bila haraka, akahamisha ufagio kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

"Marahaba," akamjibu.